Mlo wa Mbwa na Paka Wagonjwa katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni zilizojengwa enzi za ukoloni hadi Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole zilizofuata baada ya uhuru, mbwa na paka walio wengi hawana chakula chao maalumu, bali hula kinachobaki katika sufuria ya nyumba, kikiongezewa mapafu au vichwa vya kuku kutoka bucha, mgongo wazi kutoka Gikomba, au omena ya kupimwa kwa kikombe. Utaratibu huu umewalisha wanyama wenye afya kwa miaka mingi, wala si wa kubezwa, kwa kuwa mbwa anayekula ugali uliochanganywa na mapafu yaliyoiva vizuri na mboga kidogo anaweza kulinda lango miaka kumi bila kuugua. Ugumu huanza siku daktari wa mifugo anaposema kwamba figo za mnyama zimechoka, au moyo umepanuka, au sukari imepanda katika damu, kwa sababu kuanzia siku hiyo chakula si shibe tu, ni sehemu ya matibabu, na sufuria ya nyumba haikupikwa kwa kusudi hilo. Mwenye mnyama, akisukumwa na huruma, huanza kuongeza: maziwa, maini, supu ya mifupa, yai. Lakini kwa mnyama mgonjwa swali la kwanza huwa ni kipi kiondolewe, na jibu lake hufuata ugonjwa wenyewe, hivi kwamba chakula kilichomponya paka wa jirani kinaweza kuwa ndicho kinachommaliza huyu.

Fikra kwamba mlo unaweza kuwa dawa ya mnyama ina historia inayofahamika. Mwishoni mwa miaka ya 1930, daktari wa mifugo wa Marekani aliyeitwa Mark Morris alimtibu Buddy, mbwa aliyemwongoza kipofu Morris Frank, na ambaye figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa kufanya kazi. Badala ya kutegemea dawa pekee, alimpikia chakula chenye protini iliyopunguzwa na chumvi kidogo, kikatiwa katika chupa za kioo, na mwaka 1948 kampuni ya Hill ya Topeka, Kansas, ikaanza kukisindika katika mikebe. Kutoka hapo kilizaliwa chakula cha tiba, yaani kile kinachotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa fulani na kutolewa kwa maelekezo ya daktari. Mwaka 2011 chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kilitoa mwongozo unaotaka lishe ichunguzwe kila mnyama anapofikishwa kliniki, sawa na joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi na maumivu. Chakula cha namna hiyo kinapatikana Nairobi, katika kliniki na maduka machache, lakini bei ya mfuko mmoja inaweza kushindana na kodi ya chumba huko Kayole au Huruma. Kwa hiyo hapa linazungumziwa jambo linalowezekana kwa jiko lililopo, mradi ugonjwa uwe umetambuliwa kwa vipimo, si kwa kukisia.

Ugonjwa unaostahili kuzungumziwa kwa kirefu ni ule wa figo, hasa kwa paka waliozeeka. Figo huchuja taka za mwili, zikiwemo urea, inayotokana na kuvunjwa kwa protini, na kreatinini, na pia hutoa fosforasi iliyozidi, ambayo ni madini yanayopatikana kwa wingi katika mifupa. Zinapoharibika polepole, taka hizo hubaki katika damu, mnyama huanza kunywa maji mengi na kukojoa sana, hupungua mwili, hutapika asubuhi na kutoa harufu mbaya mdomoni; na kwa kawaida vipimo vya damu huanza kupanda pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Katika hali hiyo kupunguza fosforasi ndiyo hatua ya lishe yenye manufaa yanayoonekana kuliko nyingine, kwa sababu fosforasi inayorundikana huharakisha uharibifu wa sehemu ya figo iliyobaki.

Hapa ndipo desturi ya Eastlands inapogongana na hali halisi ya ugonjwa. Omena, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao hukaushwa juani na kuliwa wazima, ni chakula kizuri mno kwa paka mchanga au paka jike anayenyonyesha, kwa kuwa kina protini, kalisi na mafuta mema. Lakini kwa sababu huliwa na mifupa yake yote, kina fosforasi nyingi, na paka mwenye figo mbovu anayelishwa omena asubuhi na jioni hulishwa kile ambacho mwili wake umeshindwa kukitoa. Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa viwandani, una tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi, na supu ya mifupa iliyochemshwa usiku kucha haina budi kuingia katika orodha ya vitu vya kuondolewa. Kinachoweza kubaki ni nyama isiyo na mfupa kwa kiasi alichokipanga daktari, wali wa mchele wa kuvunjika, ambao ni wa bei nafuu, ute wa yai, ambao una protini bora na fosforasi kidogo, pamoja na mafuta kidogo ya kupikia ili mnyama apate nguvu bila kuongezewa protini. Nyama ikichemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya fosforasi huondoka nayo. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini, ambalo karibu lote ni kalisi kaboneti, huweza kutumika pale mlo unapokosa kalisi, kwa sababu halileti fosforasi kama unga wa mifupa unaouzwa kwa agrovet. Ila kipimo chake lazima kitoke kwa daktari, maana kalisi ikizidi katika damu nayo huumiza figo.

Protini yenyewe haipaswi kukatwa kiholela. Paka ni mnyama anayeishi kwa nyama kwa maumbile yake, na akinyimwa protini huanza kuila misuli yake mwenyewe, akakonda kabla figo hazijamuua. Wapo wanaosikia neno figo wakampa paka ugali na maziwa tu, wakidhani wanampumzisha; huko ni kumbadilishia ugonjwa.

Maji yanahitaji kutajwa peke yake kwa sababu mitaa mingi ya Eastlands hupata maji kwa mgao, na siku ambazo mfereji ni mkavu familia huishi kwa jerikeni za kununua. Mnyama mwenye ugonjwa wa figo au kisukari hunywa sana kwa kuwa hupoteza sana, wala hanywi kwa tamaa. Akipunguziwa maji ili asikojoe usiku ndani ya nyumba ya ghorofani, anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya siku moja na figo zake zikaanguka kabisa. Sehemu ya maji ya jerikeni haina budi kutengwa kwa ajili yake, na njia rahisi ya kumwongezea ni kukilainisha chakula kwa maji ya uvuguvugu hadi kiwe kama uji mzito. Ikiwa hana budi kukojoa usiku, ni afadhali awekewe beseni la mchanga au magazeti kuukuu.

Ugonjwa wa njia ya mkojo wa paka dume ni wa namna nyingine, nao hauna nafasi ya kungoja. Fuwele ndogo, ambazo mara nyingi hufanyika kutokana na magnesi, amonia na fosfeti, hujikusanya katika mkojo mzito wa paka anayekunywa maji kidogo na kula chakula kikavu, kisha huziba mrija mwembamba wa dume. Paka anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, akilia na kujiramba, ni paka wa kupelekwa kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa potasiamu hupanda katika damu yake na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili au tatu. Chakula huja baadaye, baada ya mrija kuzibuliwa, na lengo lake kuu ni maji: chakula chenye unyevu, mabakuli mawili matatu ya maji mahali tofauti, na daktari aseme ni aina gani ya fuwele iliyoonekana, kwa sababu mlo unaoyeyusha aina moja hauyeyushi nyingine.

Kisukari, yaani hali ambapo homoni ya insulini inayoingiza sukari katika seli hupungua au haifanyi kazi, humtaka mbwa na paka walishwe kwa njia mbili tofauti. Mbwa mwenye kisukari kwa kawaida huhitaji sindano ya insulini maisha yake yote, mara mbili kwa siku, na kinachomsaidia ni ukawaida: kiasi kilekile cha chakula kilekile kwa saa ileile, kila baada ya saa 12, chenye nyuzinyuzi za kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Anaweza kuendelea kula ugali, lakini uwe wa kupimwa kwa kikombe kimoja kisichobadilishwa, uchanganywe na nyama isiyo na mafuta na sukumawiki au maharagwe mabichi yaliyochemshwa bila kitunguu, na isitokee siku anayolishwa chapati tatu za mtoto kwa sababu mtoto amekataa kula. Paka hana haja kubwa ya wanga, yaani vyakula vya unga na nafaka, na mlo wenye protini nyingi na wanga kidogo, pamoja na insulini iliyoanzishwa mapema, umewafanya baadhi ya paka kupata nafuu kiasi cha kuachishwa sindano. Kwa paka wa namna hiyo ugali ndio wa kuondolewa, na nyama, mayai na samaki ndio wa kubaki; yaani kinyume kabisa na ushauri unaoweza kumfaa paka wa figo wa nyumba ya pili. Mnyama asipokula, sindano kamili haipaswi kudungwa kabla ya kuuliza, kwa kuwa sukari ikishuka mno hutetemeka, huyumba na kuzimia. Asali kidogo iliyopakwa kwenye ufizi humpa nafasi ya kufikishwa kliniki.

Mafuta nayo yana mgonjwa wake. Kongosho, kiungo kilicho karibu na tumbo ambacho hutoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula, linaweza kuvimba na kuanza kujisaga lenyewe, na mara nyingi kwa mbwa hali hiyo hufuata mlo mmoja wenye mafuta mengi. Msimu wa Krismasi na sikukuu za Idi, mafuta yaliyokatwa kutoka nyama choma, ngozi za kuku na mabaki ya mutura hutupiwa mbwa kwa wema, kisha huonekana ameinamisha kifua chini na kuinua nyonga kwa maumivu ya tumbo, akitapika. Mbwa aliyewahi kuugua hivyo hana sikukuu tena: wali, kuku aliyeondolewa ngozi, chakula kidogo mara nne kwa siku, na mutura asionjeshwe hata kipande.

Ugonjwa wa moyo unaleta jambo lililochelewa kugunduliwa. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha katika jarida la Science kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliopanuka na kulegea walikuwa wamekosa taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi cha kutosha, na kwamba walipoongezewa, mioyo yao ilirejea kufanya kazi. Ukosefu huohuo huharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na upofu wake hauponi. Paka wa duka la Jericho au Maringo anayewinda panya hupata taurini kutoka kwa panya. Lakini akikatazwa kutoka kwa sababu ya ugonjwa, akalishwa ugali na maziwa ya chai, ataikosa. Taurini huyeyuka katika maji, hivyo nyama ya paka mwenye moyo dhaifu ichemshwe kwa maji machache na supu yake apewe yeye, isiyo na chumvi wala vile vipande vya viungo vya mchuzi ambavyo vimejaa chumvi. Msomaji atakuwa ameona kwamba maji ya nyama ambayo mgonjwa wa figo humwagiwa ndiyo ambayo mgonjwa wa moyo huwekewa. Paka mwenye magonjwa yote mawili, nao ni wengi miongoni mwa wazee, hapangiwi mlo na mtu asiye daktari.

Kuhusu ini, Kenya ina historia yake chungu. Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Katika miaka ya 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981 watu 12 walikufa huko Machakos baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na katika maeneo hayo mbwa na njiwa walikuwa wameanza kufa kabla yao. Na mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Novemba 2019 shirika la viwango la KEBS lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Pamoja na yote hayo, desturi ya kumtengea mbwa unga uliobadilika rangi, au mahindi ambayo mwenye nyumba ameyakataa, bado ipo, kana kwamba tumbo la mbwa lina kinga ambayo la binadamu halina. Ukweli ni kinyume: mbwa ni mwepesi kudhurika na sumu hii, na kwa kuwa hula kitu kilekile kila siku, hujilimbikizia. Gorogoro moja ya mahindi yenye ukungu, ambayo ingetupwa kwa hasara ndogo, humletea mbwa macho na ufizi wa manjano, kutapika, mkojo wa rangi ya chai na kutokwa damu. Mbwa ambaye ini lake limekwisha kuharibika hapaswi kula mahindi yoyote yasiyojulikana yalikotoka, na hapo mchele au viazi vilivyomenywa huchukua nafasi ya ugali, pamoja na protini iliyo rahisi kusagwa, kama vile mayai na maziwa mala kwa kiasi anachokivumilia. Mkate ulioota ukungu, njugu zilizooza na vyakula vya jaani pia vina hatari hiyohiyo, na mbwa wanaoranda karibu na jaa la Dandora hawana mtu wa kuwachagulia.

Watoto wa mbwa wana mambo mawili. Mbwa wa ulinzi wa uzao mkubwa wanaonunuliwa wakiwa na wiki nane, kisha wakalishwa ugali na nyama tupu, mara nyingi hupinda miguu ya mbele wakifika miezi mitano, kwa sababu nyama ina fosforasi mara nyingi zaidi ya kalisi, na mwili huvunja mifupa yake kutafuta kalisi iliyokosekana. Tiba yake ni kuusawazisha mlo kwa kipimo cha daktari, wala si kuwafunga mbao miguuni. Jambo la pili ni parvo, virusi vilivyotokea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970 ambavyo huharibu utumbo wa mtoto wa mbwa asiyechanjwa, akahara damu na kutapika. Zamani watoto hao walinyimwa chakula hadi kutapika kukome. Leo inafahamika kwamba chakula kidogo kinachopewa mapema, mara dawa ya kutapika inapofanya kazi, husaidia utumbo kujirekebisha, nacho ni wali uliolainishwa na kuku asiye na mafuta, kijiko kwa kijiko. Mbwa mkubwa anayepona homa ya kupe, ugonjwa wa kawaida Nairobi unaomaliza damu na hamu ya kula, pia hurejeshwa polepole: ikiwa amekaa siku kadhaa bila kula, siku ya kwanza apewe takriban theluthi ya chakula anachohitaji, ya pili theluthi mbili, na ya tatu chakula kamili, kwa sababu kumjaza ghafla huvuruga madini ya damu. Maini kidogo yaliyochemshwa humsaidia kutengeneza damu, mradi yameiva hadi ndani, maana maini na mapafu mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu aina ya Echinococcus, ambayo humwambukiza mbwa naye akawaambukiza watu, kama ilivyojulikana kwa muda mrefu Turkana.

Ngozi inayowasha haihitaji maneno mengi. Mzio wa chakula, yaani mwili kukikataa kirutubisho ambacho umekizoea, hupimwa kwa kumlisha mnyama nyama moja ambayo hajawahi kuila, labda ya sungura au samaki wa ngege, na nafaka moja, kwa takriban wiki nane bila kitu kingine. Ni kipimo cha uvumilivu, na huharibiwa na mandazi moja.

Mandazi hiyo hasa ndiyo inayofikisha mazungumzo haya katika jambo ambalo vitabu vya tiba huligusia juu juu. Sehemu kubwa ya Buruburu imepangwa kwa nyumba zinazouzunguka ua mmoja wenye lango moja na mlinzi mmoja, na katika ua wa namna hiyo paka mmoja anaweza kuwa na majina manne na kulishwa na milango mitano. Mbwa wa langoni hupewa na mlinzi sehemu ya githeri yake. Watoto wanaotoka shule humgawia biskuti. Mama anayekaanga samaki mbele ya nyumba humrushia vichwa. Daktari anaweza kuwa ameandika mlo sahihi kabisa, mwenye mnyama akaufuata kwa uaminifu, na bado vipimo vya damu vikazidi kupanda, kwa sababu nusu ya mlo inatoka kwa watu ambao hawakuambiwa. Tiba ya lishe katika mazingira haya ni shughuli ya ua mzima. Inafaa ugonjwa utajwe kwa jina kwa kila anayelisha, akiwemo mlinzi wa usiku na wa mchana, na badala ya kuambiwa wasimpe kitu, jambo ambalo huonekana ni ubahili na halifuatwi, wapewe kitu cha kumpa: vipande vya kuku waliochemshwa kwa ajili ya paka wa kisukari, au konzi ya wali kwa mbwa wa kongosho, viwekwe katika kopo langoni na kuhesabiwa katika chakula cha siku. Watoto hulielewa jambo hili haraka kuliko watu wazima, wakielezwa kwamba mandazi humtia mbwa maumivu. Kwa paka asiyeweza kuzuiwa kutembea, kumlisha nyumbani mara kadhaa kwa siku kabla ya saa za majirani kupika hupunguza njaa ya kuzunguka.

Mabaki ya mchuzi yana vitu vingine vya kuondolewa hata kwa mnyama asiye mgonjwa, na kwa mgonjwa ni hatari maradufu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, paka wakiwa dhaifu zaidi, na mbwa aliyetoka kupungukiwa damu kwa homa ya kupe hawezi kustahimili mchuzi wa kila siku. Zabibu kavu za keki huweza kuangusha figo za mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vigae ikachoma utumbo. Na japo si chakula, haiwezekani kulinyamazia: dawa za maumivu zenye parasetamoli, zinazouzwa dukani bila cheti, humuua paka kwa kidonge kimoja, na wapo wanaozisaga katika maziwa kwa nia njema.

Mlo uliotungwa nyumbani una udhaifu wake pia, na uaminifu unadai usemwe. Mwaka 2013 watafiti wa Davis walichunguza maelekezo 200 ya upishi wa chakula cha mbwa yaliyochapishwa, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Wali na kuku huvusha mnyama wiki mbili. Mwaka mzima humletea upungufu wa kalisi, zinki, shaba na vitamini, hivyo mlo wa kudumu huhitaji nyongeza ya madini na vitamini iliyopimwa. Kliniki ya wanyama wadogo ya kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, upande wa pili wa jiji, na KSPCA, shirika la kutunza wanyama ambalo asili yake ni mwaka 1910, liko Karen. Safari ya kufika huko si fupi kwa mwenye paka katika kapu ndani ya matatu ya Jogoo Road. Kwa wengi daktari wa karibu ni yule wa kliniki ya mtaani au anayeitwa na mwenye agrovet, na ni haki ya mteja kuuliza ikiwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Anapofikiwa, kitu chenye faida kuliko maelezo marefu ni karatasi iliyoandikwa kila kilichoingia mdomoni mwa mnyama kwa siku saba, pamoja na vya majirani, na uzito wake uliopimwa kwa mizani ya bucha au kwa mtu kupanda mizani naye kisha kuondoa uzito wake mwenyewe. Uzito huo ukichukuliwa kila mwezi utaonyesha mapema kuliko macho kama mlo unafaa.

Badiliko la chakula lifanywe polepole, kwa siku saba hadi kumi, kipya kikiongezwa na cha zamani kikipunguzwa, na kipashwe moto kidogo ili harufu yake ipande, kwa kuwa paka mgonjwa huchagua kwa pua. Paka akikataa kabisa kwa siku mbili au tatu, mafuta ya mwili huanza kufurika katika ini lake, hasa akiwa mnene, na hilo linaweza kumuua kabla ya ugonjwa wa kwanza; kwa hiyo kusubiri hadi njaa imlazimishe, kama wengi wanavyoshauri, ni kosa kwa paka. Chakula sahihi ambacho hakiliwi ni kibaya kuliko chakula cha wastani kinacholiwa. Na ugonjwa wa figo unapofika mwisho wake, vipimo vikiwa havishuki tena na mnyama akiwa amebakiwa na wiki chache, madaktari wengi hulegeza makatazo, kwa sababu lengo si tena kurefusha kazi ya figo bali ni kumwondolea kichefuchefu na njaa. Hapo omena chache zilizolowekwa katika maji ya moto zinaweza kurudi katika sahani ya paka, daktari akijua na ua mzima ukijua, hadi itakapoamuliwa kama alale kwa sindano.